Kemia ya KCSE: yanayosemwa nje ya maabara na yanayopewa alama

Watahiniwa wa kidato cha nne hawajafika hata bwenini baada ya karatasi ya tatu ya kemia, na tayari wanaulizana: "Wewe umepata ngapi?" Mmoja anasema 23.6. Mwingine 23.5. Wa tatu ananyamaza, kwa maana yeye ana 24.4, na kuanzia hapo chakula cha mchana hakipiti kooni. Nimefundisha somo hili muda wa kutosha kuwafahamu hawa wa tatu, na wengi wao huvunjika moyo bure. Huku nje wanalinganisha majibu ya mwisho. Mtahini ana karatasi iliyojaa hatua, na hatua hizo ndizo anazozipa alama.

Kwa asiyeujua mtihani wenyewe: KCSE ni mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, na kemia yake ina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili ni za nadharia, saa mbili kila moja, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, saa mbili na robo, alama 40. Jumla 200. Anayelenga udaktari, ufamasia au uuguzi anajua kwamba gredi ya kemia inaweza kumpa au kumnyima nafasi, kwa hiyo siwashangai vijana wanaosimama chini ya mti wakipiga hesabu. Ninachotaka ni wapige hesabu kwa mambo ya kweli.

"Titresheni yangu haikulingana na ya wenzangu, kwa hiyo nimeanguka"

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu zaidi, basi tuitazame vizuri. Titresheni ni jaribio la kutia kimiminika kimoja, kwa mfano asidi, kidogo kidogo kutoka kwenye bureti (bomba lenye vipimo) hadi kimalizane na kingine, kwa mfano alkali. Zile 23.6 na 24.4 ni cm³ zilizotumika.

Jedwali la titresheni kwa kawaida hupewa alama tano. Alama moja ni ya kulijaza lote bila kosa katika kutoa usomaji wa mwanzo kutoka ule wa mwisho. Moja ni ya desimali: ukianza na nafasi moja, endelea na moja kote, ukitumia mbili, ya pili iwe 0 au 5. Moja ni ya kuchagua vipimo vinavyokaribiana unapotafuta wastani. Zinabaki mbili, na hizo ndizo zinazotazama ukaribu: kipimo chako na wastani wako hulinganishwa na matokeo ambayo mwalimu wa shule yako aliyapata kwa kemikali zile zile. Ukitofautiana naye kwa 0.1 unapata alama nzima, kwa 0.2 nusu, ukizidi hapo hupati kitu.

Tuseme mwalimu alipata 23.6. Yule wa 24.4 amepoteza alama mbili. Tatu za jedwali bado ni zake kama kazi yake ni safi, na hesabu zinazofuata zinasahihishwa kwa kutumia wastani wake mwenyewe. Chukua mfano wa 25.0 cm³ za hidroksidi ya sodiamu (alkali) yenye ukolezi wa 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, zilizotulizwa na asidi ya hidrokloriki. Moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) za alkali ni 0.0025. Mwenye 23.6 atagawanya na kupata ukolezi wa asidi wa 0.1059 M. Mwenye 24.4 atapata 0.1025 M. Majibu mawili tofauti, na kila mmoja anachukua alama zake zote za hesabu ilimradi njia ni sahihi na imeandikwa.

Sasa mtazame anayechungulia meza ya jirani. Mikono yake imempa 24.4 na 24.5. Anamsikia mwenzake akinong'ona 23.6, anafuta kimoja na kuandika 23.6, kisha anatafuta wastani wa vyote. Vipimo vyake havikaribiani tena, na alama ya wastani, ambayo ilikuwa mfukoni mwake, imekwenda. Angebaki na chake, alama hiyo ingekuwa bado yake.

Tofauti zenyewe zina sababu za kawaida kabisa. Kiputo cha hewa kimebaki chini ya bomba la bureti na kutoka katikati ya kazi. Faneli imesahauliwa juu na inadondosha. Mtu amesoma ukingo wa juu wa kimiminika badala ya sehemu ya chini ya mpindo wake. Au alikuwa akitia asidi kwenye alkali yenye fenolfthalini (kiashiria cha rangi), rangi ya waridi ikatoweka, naye hakuwa na hakika, akaongeza kidogo tena. Hakuna kinachobadilika machoni baada ya hapo, lakini bureti inaendelea kuhesabu.

Na tafadhali, usimpigie binamu aliye shule nyingine. Kila shule huandaa myeyusho wake kwa maagizo iliyopewa, na mkono wa mwandaaji hautoshani na wa mwingine. Binamu akisema 20.1 na wewe una 24.4, huenda nyote mko sawasawa na walimu wenu.

"Ilikuwa zinki, na mimi niliandika ioni tatu, nimekosa"

Hapa mwenye sauti kubwa ndiye huharibu mambo. Anatoka akitangaza, "Chumvi ilikuwa ya zinki!" Pengine ni kweli. Lakini swali halikuuliza hivyo. Liliuliza ni ioni zipi, yaani chembe zenye chaji, zinazoweza kuwamo kwa ushahidi wa hatua ile.

Umeweka matone ya hidroksidi ya sodiamu kwenye myeyusho, yakatokea mashapo meupe. Umezidisha, mashapo yakayeyuka. Katika hatua hiyo, ushahidi ulio nao unaruhusu ioni tatu: zinki, alumini na risasi. Zote tatu hufanya hivyo hivyo. Aliyeandika zote tatu ndiye mwenye alama nzima. Aliyeandika zinki peke yake amerukia jibu ambalo neli yake bado haijamwonyesha, hata kama mwishowe chumvi ni ya zinki kweli. Ni amonia inayofuata ndiyo itakayochambua: mashapo ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya alumini na risasi hubaki. Na kati ya hizo mbili, ukitia iodidi ya potasiamu ukaona manjano, ni risasi.

Kwa hiyo aliyeandika ioni tatu, kisha akapunguza hadi moja, amefanya kazi ya kemia kama inavyotakiwa. Nimeona wanafunzi wa namna hiyo wakilia mbele ya darasa kwa sababu kinara wa kidato amesema vingine. Pia kumbuka kwamba hitimisho hufuata ulichokiona. Ukiandika ioni sahihi huku safu ya uchunguzi ikisema mashapo ya kahawia, hakuna anayeweza kukupa alama ya ioni hiyo.

"Majibu yetu yamelingana, basi alama zetu ni sawa"

Hapana. Mlingano wa kemikali usiosawazishwa haupati alama. Uliosawazishwa lakini hauna alama za hali, yaani (s) kwa yabisi, (l) kwa kimiminika, (g) kwa gesi na (aq) kwa kilichoyeyuka majini, hukatwa nusu. Wawili wanaweza kukubaliana chini ya mti kwamba zinki na asidi hutoa hidrojeni, mmoja akaenda na alama yote na mwenzake na nusu.

"Kilichotoka karatasi ya kwanza hakirudi tena"

Mazungumzo baada ya karatasi ya kwanza huzaa uamuzi wa hatari. Vijana wanakubaliana kwamba moli zimeshatoka, kemia ya umeme imeshatoka, basi usiku huu zisomwe mada zilizobaki. Silabasi ni moja kwa karatasi zote tatu. Mada iliyoulizwa kwa swali fupi katika karatasi ya kwanza inaweza kurudi katika ya pili ikiwa na grafu, jedwali na hesabu ndefu. Na moli haziepukiki hata kidogo, kwa maana titresheni ya karatasi ya tatu haina pa kwenda bila moli.

Hasara nyingine ya mazungumzo haya ni usingizi. Kijana anayegundua saa kumi jioni kwamba amekosa swali la alama tatu anaweza kuupoteza usiku mzima, na kesho ana somo jingine kabisa mezani. Swali lile limeshafungwa katika bahasha. Mimi huwaambia wanafunzi waliotumwa na wenzao kuniuliza majibu katikati ya mtihani kwamba nitawajibu yote, karatasi ya mwisho ya kemia ikiisha, na huwa natimiza. Baada ya hapo kujadili ni jambo jema sana. Wapo walioielewa amonia na zinki siku hiyo, wakiwa wameketi na kuulizana "uliona nini?" na "ulifuata njia gani?", na uelewa huo wanakwenda nao chuoni.

"Mwongozo wa kusahihisha umeshatumwa kwenye WhatsApp"

Kilichotumwa ni majibu ya mtu fulani. Anaweza kuwa mwalimu mzuri, anaweza kuwa mtu anayetafuta wateja. Watahini wa Baraza la Mitihani hukutana kwanza, huupitia mwongozo pamoja, huzingatia njia nyingine halali ambazo watahiniwa wametumia, na ndipo usahihishaji unapoanza. Hata hapo karatasi moja hupita mikononi mwa watahini kadhaa, kila mmoja na maswali yake. Picha inayozunguka kwenye simu jioni ile ile haijapitia lolote kati ya hayo, na mtu asijipe wala asijinyime gredi kwa sababu yake.

"Bila asilimia 80 hakuna A"

Mipaka ya gredi za KCSE haifanani kwa masomo yote, wala haijawekwa moja kwa miaka yote. Huamuliwa baada ya kuona watahiniwa wa mwaka huo walivyolifanya somo hilo. Karatasi iliyowachosha wote haiachi mipaka pale ilipokuwa mwaka uliotangulia. Mzazi anayemkalisha mtoto mezani ajumlishe alama anazodhani amepata, kisha amtafutie gredi kwa asilimia za mitihani ya shuleni, anatumia jedwali ambalo si la mtihani huu. La mtihani huu halijatengenezwa wakati huo, kwa sababu karatasi bado hazijasahihishwa.