Fundi "Alizembea": Chanzo cha Ajali Kisichotibu Ajali

Fungua faili za ajali za viwanda vyetu na mara nyingi utakuta jibu lilelile mahali pa chanzo: uzembe wa mfanyakazi. Dawa yake nayo haibadiliki, ama barua ya onyo ama semina ya nusu siku yenye soda na keki. Baada ya muda, mwingine anaumia palepale.

Tuchukue karakana ya samani. Fundi amekatwa vidole na msumeno wa meza. Utaambiwa kinga ya msumeno aliitoa mwenyewe, na kweli ile pale, imeegemezwa ukutani. Ila ina vumbi la wiki nyingi, kwa hiyo haikutolewa leo. Ilitolewa kwa sababu kwenye kupasua mbao nyembamba inazuia mkono kupita. Mbao za aina hiyo husukumwa kwa kijiti, nacho hakuna. Diski imekuwa butu, basi fundi anasukuma kwa nguvu, na ubao ukiachia ghafla mkono unafuata. Diski mpya iliombwa; fomu inangoja saini. Fundi hulipwa kwa kila kiti anachomaliza, hivyo kusimamisha kazi ni kujinyima. Msimamizi hupita hapo kila asubuhi, akaona, akanyamaza, maana oda ni ya Ijumaa.

Sikatai kwamba wapo wanaofanya mzaha kazini. Lakini ukimwondoa huyu na atakayeshika nafasi yake akafanya vilevile, umefukuza mtu bure.

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, alieleza namna ya kuchimba chanzo kwa kuuliza "kwa nini" mara tano. Mashine imesimama kwa kuwa fyuzi imeungua, mzigo umezidi. Mzigo umezidi kwa kuwa beringi haipati mafuta ya kutosha. Pampu ya mafuta haivuti vizuri kwa sababu mhimili wake umelika, nao umelika kwa kuwa hakuna chujio na chembe za chuma zimeingia. Anayebadilisha fyuzi peke yake atairudia kazi hiyo. Tano si nambari ya mganga, hata hivyo, na ajali haifuati mstari mmoja: ya karakana yetu ina matawi yasiyopungua manne.

Tahadhari moja. "Kwa nini ulifanya hivyo?" ikitoka kinywani mwa bosi ni mashtaka, na mshtakiwa hujitetea. Uliza "ilikuwaje?", na zaidi ya hapo, "kwa kawaida kazi hii mnaifanyaje?" Ulizia kwenye mashine, si ofisini, kabla sakafu haijafagiwa. Zungumza na wa zamu ya usiku pia.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Hapo ndipo matawi haya yajadiliwe. Suluhisho linalotegemea fundi kukumbuka ni dhaifu. Kinga inayofaa mbao nyembamba, kijiti kilichofungwa mezani na diski za akiba stoo ni bora kuliko bango la "Kuwa Mwangalifu". Malipo ya kwa kila kiti kamati haiwezi kuyaamua. Iyaandike hata hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, kama chanzo, na nakala imfikie mwenye karakana.