Daftari usilitupe, badilisha kilichomo

Kazi yangu ni usalama wa mitandao na swali ninaloulizwa kila siku ni "antivairasi gani nzuri?", na mara nyingi shida ya anayeuliza wala haiko huko.

Juzi mama mmoja mtu mzima kaniletea simu nzito kweli, kumbe ndani ana antivairasi 3, kazipakua baada ya matangazo kumtisha kwamba simu ina virusi. Halafu akatoa daftari dogo kwenye mkoba, kalifunika na kiganja. "Usinicheke mwanangu, mi pasiwedi naandika." Nikafungua. Mistari 7 kwa wino wa bluu, imeili, benki, Facebook na nyinginezo, na kote pasiwedi ni ileile, jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa.

Nikamwambia mama, daftari endelea nalo, ila likae nyumbani, na kilichomo ndo tubadilishe. Mwizi wa mtandaoni hafikii droo yako, lakini tovuti moja ikivuja anachukua imeili na pasiwedi yako anaijaribu kwingine kote, tena kwa programu, hachoki. LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, ilidukuliwa 2012, na 2016 data za akaunti zaidi ya milioni 100 zikakutwa zinauzwa, sasa fikiria ni wangapi walikuwa bado wanatumia pasiwedi ileile sehemu nyingine.

Tukaanza na imeili, maana anayeishika imeili yako anabonyeza tu "nimesahau pasiwedi" na akaunti zingine zinamfuata. Akachagua maneno manne yasiyohusiana kabisa, akayaandika. Tukawasha na uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya pasiwedi unaombwa na namba ya muda mfupi. Mimi napenda ile programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30 kuliko SMS, sababu laini inaweza kuhamishwa na tapeli anayejifanya wewe, lakini kama programu inakushinda washa hiyo hiyo SMS, ni bora mara nyingi kuliko kukaa bila kitu. Na namba hiyo usimtajie mtu yeyote, hata akisema anapiga toka benki.

Ukiliweza daftari, hamia kwenye programu ya kutunza pasiwedi, Bitwarden kwa mfano ina toleo la bure. Ninachoipendea ni kwamba ukiingia tovuti feki haijazi pasiwedi, kwa kuwa anwani hailingani, yaani inaona tofauti ya herufi moja ambayo jicho limeiruka.

Apdeti ziwe zinajiweka zenyewe. WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, ilipofunga kompyuta za watu Mei 2017, Microsoft walishatoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, tangu Machi! Na kwenye Windows, Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, inakuja nayo, kwa wengi inatosha.

Zile antivairasi 3 tumezifuta, simu ikapumua. Imeili, benki na Facebook tumemaliza, mistari 4 iliyobaki mama kasema ataimaliza mwenyewe, kila jioni mmoja.