Maji ya Ubongo Yakipungua, Retina Huonyesha Nini?

Mgonjwa anaamka salama. Akishasimama, kichwa kinaanza kumuuma, mara nyingi kisogoni. Akirudi kulala, maumivu yanapungua. Anaona ukungu, au anaona vitu viwili palipo na kimoja. Anakuja kliniki ya macho akiamini anahitaji miwani.

Ubongo huelea ndani ya maji maalumu, takribani mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kila siku. Utando wa uti wa mgongo ukitoboka, maji hayo huvuja. Tundu linaweza kuachwa na sindano ya mgongoni au kutokea lenyewe bila jeraha lolote.

Neva ya jicho nayo imevikwa ala yenye maji hayohayo. Inapotoka jichoni hupita kwenye kichujio chembamba chenye vitundu: upande wa mbele kuna presha ya jicho, kwa kawaida milimita 10 hadi 21 za zebaki, na upande wa nyuma kuna presha ya maji ya ubongo. Presha ya kichwani ikipanda sana, duara la neva linaloonekana kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huvimba na kingo zake kufifia. Ikishuka, alama iliyo wazi namna hiyo kwa kawaida haipo. Vena za retina, yaani mishipa inayorudisha damu, hudundadunda, lakini hudunda hivyo hata kwa watu wengi wenye afya. Watafiti wengine wanahoji kuwa tofauti kubwa ya presha mbele na nyuma ya kichujio huchosha nyuzi za neva, kama katika glakoma ya presha ya kawaida, yaani ugonjwa unaoharibu neva ya jicho ingawa presha ya jicho haijapanda. Hoja hiyo ina mantiki, ila bado haijathibitishwa.

Kwa hiyo nasisitiza: retina ikionekana safi, uvujaji haujakanushwa. Hata presha ya maji ya ubongo ikipimwa kwa sindano inaweza kusomeka kawaida ilhali maji yanavuja. Maelezo ya mgonjwa kuhusu kusimama na kulala yana uzito mkubwa, ndipo MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) ya kichwa na uti wa mgongo ifuate. Na kule kuona viwili? Ubongo unaposhuka huvuta neva ya sita, inayogeuza jicho upande wa nje, na picha mbili hukaa ubavu kwa ubavu.

Tiba huanza kwa kulala, maji ya kutosha na kafeini. Isipotosha, damu ya mgonjwa mwenyewe hudungwa mgongoni, nje ya utando, ili kuziba. Hapo ndipo tunapotaka kuiona retina tena. Baada ya kuzibwa, presha ya baadhi ya wagonjwa hupanda kupita kiasi: kichwa sasa huuma zaidi wakilala, hasa upande wa mbele, na kuona hufifia. Wengi hudhani tiba imeshindwa, wakalala zaidi. Mgonjwa wa namna hii arudi mara moja atazamwe nyuma ya jicho, kwa sababu uvimbe wa neva usiotibiwa unaweza kumpotezea uoni daima.