Aliyekupiga Nyuma ya Ukuta Hakukuibia

Jana usiku, saa sita kasoro, kijana wa Nkuhungu anayecheza Counter-Strike, ule mchezo wa kupigana risasi mtandaoni, kwenye seva ninayoiendesha, kaniandikia: "Kaka, mfungie yule, anaiba. Nilishaingia nyuma ya ukuta akaniua." Wiki hii ni wa nne. Nimechoka kujibu mmojammoja.

Hakuna aliyetoboa ukuta kwa programu ya wizi. Seva yetu nimeikodi Ujerumani maana ndiko nilikopata bei nafuu, kwa hiyo mambo yenu yanatoka Dodoma, yanashuka Dar, yanazama baharini. Pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ya milisekunde 200 ni kawaida. Mwenzako anakuona ulipokuwa, si ulipo. Akifyatua, seva inarudisha saa nyuma mpaka kile alichokiona yeye, inaipima risasi palepale. Aliyeshika kisu hukimbia yuniti 250 kwa sekunde, yuniti ikiwa kipimo cha umbali ndani ya mchezo. Milisekunde 200 ni yuniti 50, na mwili wako wote una upana wa 32. Kwako ulishajificha mwili mzima na nusu. Kwake bado umesimama mlangoni kama unasubiri daladala. Wote mnasema kweli! Nikiizima hiyo fidia ya kurudisha saa nyuma, itabidi mlenge hewa mbele ya adui na kumwomba Mungu, halafu mtarudi kunitukana.

Wanaojiongezea damu au pesa hawanisumbui. Hesabu iko kwenye seva, wao wanachora tu kwenye kioo chao. Anayeninyima usingizi ni anayeona kupitia ukuta. Seva lazima iitumie mashine yake mahali ulipo kabla hujafika kwenye kona, la sivyo utamwibukia ghafla kama jini. Na data ikishaingia kwenye mashine yake, nitaitoaje? Riot, kampuni yenye mchezo wa risasi wa Valorant, hujitahidi kuficha habari za adui mpaka anapokaribia kuonekana, na juu yake wakaweka Vanguard, programu yao ya kukamata wezi, ndani kabisa ya kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta ya mchezaji. Mimi na seva ya kukodi sina ubavu huo.

Basi natazama rekodi za mechi, na macho yangu siyaamini sana. Mwaka jana nilimfungia mwanafunzi aliyekuwa akigeukia kona kabla mtu hajatokea. Akaja kwangu Majengo, akakaa kwenye mashine yangu, mausi ileile inayogoma, akavaa hedifoni, akarudia yaleyale mbele yangu. Alikuwa anasikia nyayo. Nilimwomba radhi, nikamfungulia.

Yupo mwingine ambaye rekodi zake zinafanana na za huyo kabisa. Nimezitazama mara tatu, sijaamua. Ndiye aliyempiga kijana wa Nkuhungu jana. Ile ya ukutani ilikuwa pingi, nimeikagua. Hizo nyingine sijui.