Katuni Iliyochorwa na Katuni Iliyojengwa: Kompyuta Si Kipimo

Imekuwa kawaida kusikia filamu za katuni zikigawanywa katika mafungu mawili: za zamani, zilizochorwa kwa mkono, na za kisasa, zilizotengenezwa na kompyuta. Mgawanyo huo ukishakubaliwa, hukumu nyingine hufuata zenyewe. Filamu ikionekana bapa, husemwa imechorwa. Ikiwa na wahusika wa mviringo wenye vivuli laini, husemwa ni ya kompyuta. Husemwa pia kwamba penye kompyuta hapana mchoraji, na kwamba filamu iliyopita katika kompyuta hata kwa hatua moja imekwisha kupoteza haki ya kuitwa kazi ya mkono. Hukumu hizi zote zina mzizi mmoja, nao ni kuitafuta tofauti mahali isipokuwapo.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Uhuishaji, yaani ufundi wa kutengeneza katuni, uwe wa aina yoyote, ni kuonyesha picha tuli kwa mfululizo wa kasi hata jicho lizione kama mwendo mmoja, na katika sinema picha hizo, ziitwazo fremu, hupita 24 kwa sekunde. Katika uhuishaji wa mkono, mhusika huchorwa upya kila anapobadili mkao, na mwendo wake hutokana na tofauti ndogo iliyopo kati ya mchoro mmoja na ule unaoufuata. Katika uhuishaji wa kompyuta, mhusika hujengwa mara moja ndani ya programu kama umbo lenye pande zote, hutiwa mifupa na viungo vya kidijitali, huwekwa mikao, kisha kompyuta hukokotoa jinsi umbo hilo litakavyoonekana kutoka mahali kamera ya kubuni ilipowekwa, chini ya taa zilizopangwa na watu. Swali la kuuliza, basi, ni kama picha tunayoiona ilichorwa au ilitokana na umbo lililojengwa. Kompyuta inaweza kuwapo katika hali zote mbili.

Wengi wanaosema "imechorwa kwa mkono" hawajapata kuufikiria ukubwa wa kazi hiyo. Filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Kwa desturi mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, lakini hata kwa nafuu hiyo mhusika mmoja ambaye angekuwa mbele ya macho yetu filamu nzima, bila kutulia, angehitaji michoro karibu 65,000, na filamu haina mhusika mmoja. Ndiyo maana kazi iligawanywa tangu mapema: mhuishaji huchora mikao mikuu inayobeba tendo na hisia, na wasaidizi wake huchora michoro ya kati inayounganisha mkao mmoja na mwingine. Kwa mfumo ambao mhuishaji Earl Hurd aliuombea hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani katika miaka ya 1910, mistari ilihamishiwa kwenye karatasi angavu za seluloidi, aina ya plastiki, kwa wino, rangi ikapakwa upande wa nyuma, na karatasi hizo zikapangwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu, kisha kila mpangilio ukapigwa picha. Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937 ilitengenezwa hivyo, mpangilio kwa mpangilio.

Sasa tutazame mashine zilizoingia katika kazi hiyo, kwa kuwa hapa ndipo dhana ya usafi wa mkono inapovunjika. Katika miaka hiyohiyo ya 1910, mhuishaji Max Fleischer alibuni kifaa kilichomwezesha mchoraji kufuatisha kwa penseli mwendo wa mtu aliyepigwa filamu, fremu kwa fremu. Katika One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961, studio ya Disney ilitumia mashine ya kunakili iliyorekebishwa na fundi wake Ub Iwerks, ambayo ilihamisha mistari ya penseli moja kwa moja kwenye seluloidi. Wafanyakazi waliokuwa wakiipitia kila mstari kwa wino hawakuhitajika tena kwa hatua hiyo, na mistari ya filamu ile ikawa na ukavu wa penseli unaoonekana wazi hadi leo. Filamu ile inaendelea kuhesabiwa miongoni mwa filamu zilizochorwa kwa mkono, na ndivyo inavyostahili, maana wachoraji waliendelea kuchora kila mkao. Mashine ilichukua tu kazi ya kunakili.

Mwaka 1990 ilitoka The Rescuers Down Under, filamu ndefu ya kwanza kupakwa rangi na kuunganishwa yote ndani ya kompyuta, kwa mfumo ambao Disney iliutengeneza pamoja na kampuni ya Pixar. Wachoraji walichora kwa penseli kwenye karatasi kama walivyozoea; michoro ikaingizwa kwenye kompyuta, ikatiwa rangi humo na kuwekwa juu ya mandhari bila seluloidi wala brashi. Baada ya hapo seluloidi ilififia studio moja baada ya nyingine, na katika miaka iliyofuata hata karatasi ikaanza kuwaachia nafasi wale wanaochora kwa kalamu ya kidijitali juu ya kioo cha kompyuta. Lakini anayechora juu ya kioo bado anachora. Mkono wake ndio unaoamua mstari upite wapi, na mchoro unaofuata hauji mpaka auchore. Kumwambia mtu huyo kwamba filamu yake imetengenezwa na kompyuta ni kumnyang'anya maelfu ya maamuzi aliyoyafanya mwenyewe.

Njia zote mbili zinaweza pia kukaa ndani ya filamu moja. Katika Beauty and the Beast ya mwaka 1991, ukumbi wa dansi ambamo kamera inazunguka umejengwa kwa kompyuta, ilhali wawili wanaocheza ndani yake wamechorwa. Katika The Lion King ya mwaka 1994, kundi la nyumbu linaloporomoka bondeni lilizalishwa kutokana na umbo la kompyuta lililozidishwa, lakini simba wote ni michoro. The Iron Giant ya mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi: jitu la chuma lenyewe, mhusika mkuu, ni umbo la kompyuta linaloishi katikati ya watu waliochorwa, na watengenezaji walilazimika kuipa mistari yake mtikisiko mdogo ili isionekane safi kupita kiasi kando ya mistari ya penseli. Kwa hiyo kuiweka filamu nzima upande mmoja wakati mwingine hakuwezekani, na mtu mwangalifu husema ni sehemu gani ilifanywa kwa njia gani.

Upande wa pili wa kosa ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu unawadhulumu watu wanaofanya kazi ngumu. Toy Story, iliyotolewa Novemba 1995, ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuhuishwa yote kwa kompyuta, na tangu hapo imeenea imani kwamba mtu huandika amri, kompyuta ikahuisha. Umbo la Woody, mhusika mkuu wa filamu hiyo, lilikuwa na vidhibiti vya kusogeza viungo vyake kwa mamia, vingi vikiwa vya uso peke yake, na hakuna hata kimoja kilichojisogeza. Mhuishaji aliamua nyusi ipande lini, kope zikawie kwa fremu ngapi, uzito wa mwili uegemee mguu upi kabla ya hatua kuanza. Ni kweli kwamba akiweka mkao wa kwanza na wa pili, programu inaweza kuujaza mwendo wa kati. Ila mwendo unaojazwa hivyo huelea: mkono husafiri kwa kasi moja kana kwamba hauna uzito, na macho ya mhusika huonekana yamekufa. Sehemu kubwa ya kazi ya mhuishaji wa kompyuta ni kuurekebisha mwendo huo, kuukaza hapa na kuulegeza pale, mpaka mtazamaji asahau kwamba kulikuwa na hesabu.

Ukitaka kumjua ndugu wa karibu wa mhuishaji huyu, usimtafute kwa mchoraji; mtafute kwa mtu anayesogeza kikaragosi chenye viungo mbele ya kamera, nywele kwa nywele, na kupiga picha baada ya kila msogeo. Wote wawili wana umbo lililokwisha kujengwa, wana taa, wana kamera, na kazi yao ni kuliweka umbo hilo katika mkao unaofuata. Na ukoo huo una umri mrefu: Lotte Reiniger wa Ujerumani alitoa The Adventures of Prince Achmed mwaka 1926 kwa kusogeza vivuli vya karatasi alivyovikata kwa mkasi, miaka kumi na moja kabla ya Snow White. Kwa hiyo hata kauli kwamba katuni ndefu za zamani zote zilichorwa fremu kwa fremu haisimami.

Tofauti kati ya kuchora na kujenga huonekana vizuri katika yale ambayo kila njia inayaruhusu. Masikio ya Mickey Mouse ni duara mbili, na hubaki duara hata anapogeuza kichwa, kwa sababu mchoraji huyatelezesha juu ya kichwa jinsi anavyoona inafaa. Hakuna kitu chenye mwili kinachoweza kufanya hivyo. Anayemjenga kwa kompyuta lazima achague kati ya kuyaacha yaonekane membamba anapogeuka ubavu na kuyafanya yasogee kulifuata jicho la kamera, jambo ambalo ni kulilazimisha umbo litende kama mchoro. Mchoro hauna deni kwa ujazo, yaani haulazimiki kuwa na mwili wenye unene na pande zisizobadilika. Unaweza kurefusha mkono kwa fremu moja ili tendo lipate nguvu, na fremu inayofuata ukaurudisha. Umbo lililojengwa, kwa upande wake, halisahau. Kitambaa chenye maelfu ya mistari hubaki na mistari yake kila pembe, mwanga huanguka ipasavyo juu ya kila unywele, na kamera inaweza kumzunguka mhusika bila mtu kuchora pande zake upya. Kwa mchoraji, kamera kumzunguka mhusika ni miongoni mwa kazi zinazochosha kuliko zote, kwa kuwa lazima ujazo wote aushike kichwani mwake.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kuhukumu kwa sura ya nje hakufai. South Park: Bigger, Longer & Uncut ya mwaka 1999 inaonekana kama vipande vya karatasi vilivyokatwa na kubandikwa, na bado ilifanywa kwa programu za kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya maumbo yenye pande zote. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 ina nukta na mistari ya kitabu cha picha, na wahusika wake mara nyingi hushikilia mkao kwa fremu mbili kama michoro ya penseli, hata hivyo ni maumbo ya kompyuta, ambayo wasanii waliyaongezea mistari ya uso kwa kuichora. The Lion King ya mwaka 2019 iliitwa na wengi filamu ya wanyama halisi, ilhali karibu kila kinachoonekana ndani yake, kuanzia manyoya hadi majani, kilijengwa kwa kompyuta. Tuzo za Golden Globe ziliishindanisha katika kundi la filamu za uhuishaji, na hapo ndipo mahali pake.

Mfano wa Klaus ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Sergio Pablos, huwachanganya hata watazamaji makini. Nyuso zina kina, mwanga wa taa hupita juu ya shavu na kuacha kivuli laini chini ya kidevu, na karibu kila anayeiona mara ya kwanza hudhani ni maumbo ya kompyuta. Wahusika wake wamechorwa kwa mkono, fremu baada ya fremu, kwa kalamu za kidijitali. Kisha wasanii wa mwanga wakaipaka michoro hiyo nuru na vivuli kwa msaada wa programu iliyofuata mistari ya mchoraji inaposogea. Baadhi ya vyombo na vitu vingine ndani ya filamu vilijengwa kwa kompyuta. Kwa hiyo anayesema ameiona kompyuta katika Klaus hakukosea, maana imo. Kinachohitaji kurekebishwa katika kauli yake ni kidogo: aseme wahusika wamechorwa, na kwamba kompyuta ilisaidia kuwaangazia.