"Mwili umegoma" na dhana nyingine za wiki tatu za kwanza

Wiki iliyopita nimeisikia mara nne ndani ya siku mbili: "Dokta, mwili wangu umegoma." Anayesema hivyo huwa ana wiki mbili au tatu tangu aanze kupunguza uzito. Ameacha soda, anatembea jioni, amepunguza mafuta kwenye mboga, kisha amepanda mizani akakuta namba ileile, au imeongezeka. Wengi wanakuja kuniaga. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu wanaacha wakati tayari wamepungua.

"Nimejitesa wiki tatu, mizani iko palepale"

Jumatatu alikaa mbele yangu mama mmoja mwenye kilo 86, siku ya 19 tangu aanze. Zamani alikunywa chai na chapati mbili asubuhi, sasa anakula moja. Soda ya mchana ameiacha. Jioni anashuka vituo viwili kabla ya kwake, anamalizia kwa miguu. Uzito aliuandika kila asubuhi na kila jioni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu la mwanawe: 86.2, 85.8, 86.7, 87.1. Ile 87.1 alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Nikamuuliza siku hiyo ilikuwaje. Ilikuwa Jumapili jioni, ametoka kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, amekula pilau.

Tukapiga hesabu pamoja, kwenye daftari lilelile. Chapati moja ya mafuta ina kama kalori 250. Soda ya chupa ya mililita 350 ina kama 150. Amepunguza 400 kwa siku, na kwa siku 19 ni 7,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takribani kalori 7,700. Kama hakufidia kwa chakula kingine, na aliniapia hakufidia, basi ameshaunguza karibu kilo nzima ya mafuta. Akaniuliza, "Sasa mbona siioni?"

Haionekani kwa sababu imefunikwa na maji. Mizani inapima kila kilichosimama juu yake: mifupa, misuli, mafuta, pilau ambayo bado iko tumboni, choo ambacho hakijatoka, na maji. Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja bila mafuta kubadilika. Kilo moja iliyopatikana kwa taabu ya siku 19 inapotea kirahisi ndani ya bembea hiyo.

Na wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi, maana mwanzo wenyewe unavuta maji. Misuli ambayo haikuzoea kazi ikifanyishwa mazoezi inauma na kuvimba kidogo, na uvimbe huo ni maji ya ukarabati. Misuli hiyohiyo inaanza kuhifadhi glaikojeni zaidi, ile akiba ya wanga, na kila gramu ya glaikojeni inakaa na takribani gramu tatu za maji. Mwanamke anayekaribia siku zake anaweza kubeba kilo moja au zaidi ya maji, na yataondoka hedhi ikishaanza. Halafu kuna chumvi. Mtu ameacha nyama ya kukaanga akahamia ng'onda na viungo vya pakiti kwenye mchuzi, chumvi imepanda, maji nayo yamebaki. Nimeshaona mtu akilia kwa ajili ya ng'onda.

Elewa maji hayo na utaelewa upande wa pili pia. Kijana anaacha ugali, wali na mihogo siku moja, na baada ya wiki amepungua kilo tatu. Anatuma picha ya mizani kwa kila mtu. Akiba yake ya glaikojeni imeshuka na maji yake yamekwenda nayo. Mafuta yaliyotoka hapo ni sehemu ndogo. Wiki ya tatu namba inasimama, anakata tamaa, anakula ugali siku mbili, kilo mbili zinarudi. Anatoka hapo akiapa kwamba ugali unanenepesha. Hakuna mtu anayejaza kilo mbili za mafuta kwa sahani tatu za ugali, angehitaji kalori zaidi ya 15,000 juu ya matumizi yake.

Kwa hiyo nawasihi wateja wangu, na nitaendelea kuwasihi: pima asubuhi, ukishakojoa, kabla ya chai, bila viatu, mizani ileile, juu ya sakafu na si juu ya zulia. Mizani ya kijana wa kando ya barabara ukiwa na mkoba begani haikuambii kitu. Ukipima kila siku, jumlisha siku saba ugawanye kwa saba, kisha linganisha wiki na wiki. Kama kupima kila siku kunakuvuruga, pima mara moja kwa wiki, na usitoe hukumu kabla ya wiki ya sita.

Na nunua tepu ya fundi cherehani. Hili nalisema hadi wafanyakazi wenzangu wamelichoka. Zungusha usawa wa juu kidogo ya kitovu, pumua kawaida, usivute tumbo ndani, andika. Lengo la kuanzia ni kiuno kisichozidi nusu ya urefu wako. Yule mama nilimpima siku ya kwanza sentimita 104. Jumatatu ilikuwa 101. Aliiangalia tepu muda mrefu, akaomba nimpime tena.

"Nitoe jasho, nifunge nailoni tumboni"

Jasho ni maji. Ukinywa glasi mbili uzito umerudi. Ukikimbia juani na nailoni tumboni unajitafutia kizunguzungu, na kwa mwenye shinikizo la damu ni hatari kabisa.

"Chai ya kukata tumbo imenisaidia"

Soma majani yaliyomo. Nyingi zina sanamaki, na sanamaki inaharisha. Umepoteza choo na maji na chumvi za mwili, mafuta yako yapo. Ukiitumia kwa miezi, tumbo linaweza kushindwa kufanya kazi bila hiyo. Ndimu na tangawizi kwenye maji ya moto hazina madhara hayo kwa watu wengi, kunywa kama unapenda ladha, ila haziyeyushi kitambi. Ni kinywaji kizuri kwa sababu hakina sukari.

"Nikifanya mazoezi sana ninaweza kula chochote"

Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaotembea na kuchimba mizizi kila siku. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unabana matumizi kwingine. Mazoezi nayataka kwa ajili ya sukari, presha, moyo, usingizi na kulinda misuli, lakini uzito unaanzia kwenye sahani na kwenye kikombe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na sijaona jikoni nyingi wanaopima mafuta kwa kijiko.

"Kilo tano ni kazi bure"

Mwaka 2002 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 86, asilimia 7 ni kilo sita.

Sasa, kama wiki nane zimepita na wastani wa wiki haujasogea, wala kiuno, njoo tuzungumze, na uje na dawa zako zote kwenye mfuko. Deksamethazoni, ambayo wengine wanainunua kwa siri ili wanenepe, inaongeza mwili na ina madhara makubwa, lakini usiikatishe ghafla bila daktari kama umeitumia muda mrefu. Sindano ya uzazi wa mpango nayo huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Tezi ya shingo ikiwa dhaifu inapimwa kwa damu. Na anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asianze kupunguza chakula kabla hajaonana na anayemtibu, kwa sababu dozi ya zamani juu ya sahani mpya inaweza kushusha sukari akaanguka.