Je, wajua kwa nini kuchu huwa na mama wawili?

Ukikaa na kuchu, yaani watu wanaopenda wa jinsia yao au wasioishi jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, utamsikia mmoja akimwita rafiki yake "mama" ingawa wamepishana miaka mitano tu. Jioni anampigia simu mama aliyemzaa, anamwuliza kama mahindi yamekauka. Kwa nini awe nao wote wawili?

Kwetu Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya, Tanzania, jambo hilo si geni kabisa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huko, miaka ya 1930, aliandika kwamba wavulana wa miaka 10 au 11 walitoka nyumbani wakajenga kijiji chao, marika watupu, karibu na kijiji cha baba zao. Walilala huko, wakakulia huko, wakaja kuoa wakiwa huko. Lakini shamba la baba waliendelea kulilima, na chakula walikula kwa mama: leo kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Raha ya kukaa na wenzako, kula na kuzungumza, wazee waliiita ukwangala, na waliamini ndiko mtu anakopata akili na adabu. Vijiji vile havikuhusu mapenzi ya jinsia moja. Ninachokipenda ni kwamba kijana hakulazimishwa kuchagua kati ya marika na mama yake.

Kuchu wengi hulazimishwa. Nyumbani wakijulikana, hufukuzwa, ndipo marika wanapogeuka paa la kujistiri, na mmoja wao huitwa mama. Mwaka 1970 jijini New York, Marsha P. Johnson na Sylvia Rivera, wenyewe wakiwa kuchu na maskini, walianza kuwapa makazi vijana wa aina hiyo waliokuwa wakilala mitaani. UKIMWI ulipoingia, marafiki ndio waliouguza na kuzika. Mwaka 1983 wanawake wasagaji wa San Diego walijipanga kuchangia damu kwa ajili ya wagonjwa, kwani wanaume mashoga walikuwa wamezuiwa kutoa. Tunasema damu nzito kuliko maji. Kumbe hapo damu yenyewe ilitoka kwa wasio ndugu. Wazee wetu waliokuwa wakichanjiana damu ili wawe ndugu wangelielewa hilo upesi.

Hata hivyo aliyekuzaa hana mbadala. Mwaka 1972 mwalimu Jeanne Manford aliandamana New York bega kwa bega na mwanawe Morty, aliyekuwa kuchu, akibeba bango la kuwaita wazazi wasimame na watoto wao. Mwaka uliofuata aliwakutanisha wazazi wenzake.

Tanzania, ambako sheria inaadhibu ngono ya wanaume kwa kifungo kisichopungua miaka 30, mama hawezi kubeba bango. Anatuma mkungu wa ndizi kwa basi kutoka Kyela hadi Mbeya mjini, kisha anapiga simu: "Ule na wenzako." Wenzake ni nani, haulizi.